Teresken, kuni ya watu wa Pamir

Milima ya Pamir, iliyo mashariki ya nchi ya Tajikistan, huitwa kwa lugha ya Kiajemi Bam-i-Dunya, maana yake Paa la Dunia. Neno la pili katika jina hilo halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Neno la kwanza, paa, humwelea msafiri pale gari linapomaliza kupanda na mbele yake ukatandazika uwanda mpana, wenye upepo, usio na mti hata mmoja.

Safari ya kufika huko huanzia Khorog, makao makuu ya jimbo la Milima ya Badakhshan, mji uliopo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hapo bado kuna mierebi na mipopla kandokando ya mito, na watu hulima mboga na matunda katika mabonde membamba. Barabara ya Pamir, iliyojengwa na Warusi katika miaka ya 1930 ili kuunganisha Khorog na mji wa Osh, huelekea mashariki na kupanda mpaka njia ya mlimani iitwayo Koitezek, zaidi ya mita 4,200. Baada ya hapo miti hukoma. Kijiji cha Alichur kipo zaidi ya mita 3,800. Mji wa Murghab, kiasi cha kilomita 310 kutoka Khorog, upo karibu mita 3,600, nao ndio mji mkuu wa wilaya yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 38,000. Hiyo ni kama robo ya nchi nzima ya Tajikistan, na wakazi wake hawazidi sana 15,000. Wengi wao ni Wakirgizi, Waislamu wa madhehebu ya Hanafi. Pamoja nao wanaishi Wapamiri, ambao wengi ni Waismailia.

Hali ya hewa ya Murghab ni ya ukame na baridi kwa pamoja. Milima mirefu inayoizunguka huzuia mawingu, hata mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Tukumbuke kwamba Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Usiku wa majira ya baridi joto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na jalidi huweza kuanguka hata katikati ya kiangazi. Nafaka haikomai. Watu huishi kwa mifugo: kondoo, mbuzi, na yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu yanayofagia ardhi. Unga, mchele, sukari na chai huletwa kwa malori.

Ndugu msomaji ataliuliza swali ambalo kila mgeni huliuliza: mahali pasipo na mti, penye baridi ya kiasi hicho, watu wanapika na kuota moto wa nini?

Jibu lipo chini ya miguu ya msafiri, naye huenda amelipita kwa masaa mengi bila kulitambua.

Ndugu yake mchicha

Kinaitwa teresken. Ni kichaka kifupi chenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani kibichi, ambacho katika nyanda za Pamir mara nyingi hakimfiki mtu magotini. Ukikiangalia kwa mbali utadhani ni majani makavu yaliyosukumwa na upepo yakakwama kwenye changarawe. Wataalamu wa mimea wamekipa jina la Krascheninnikovia ceratoides, kwa kumkumbuka Stepan Krasheninnikov, mvumbuzi wa Kirusi wa karne ya 18. Kimo katika jamii moja na mchicha, mboga ambayo hakuna jiko la Afrika Mashariki lisiloijua. Mwenyezi Mungu amewagawia ndugu hawa wawili riziki zilizo mbalimbali kabisa: mmoja huota nyuma ya nyumba kwa majuma machache akachumwa, na mwingine huishi miongo mingi mahali ambapo mchicha usingedumu usiku mmoja.

Umbo lake lote ni maandalizi ya shida. Majani yake ni membamba na yamefunikwa vinyweleo vyeupe vinavyorudisha mwanga mkali wa jua la mlimani na kupunguza maji yanayopotea kwa upepo. Sehemu kubwa ya mmea imo ardhini: mzizi mnene, mgumu kama ubao, unaoshuka chini kutafuta unyevu. Matawi ya juu huongezeka kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Maua yake hayana uzuri wa kumvutia nyuki, kwani uchavushaji wake hufanywa na upepo. Inapofika vuli, mbegu hukomaa zikiwa zimevikwa nyuzi ndefu nyeupe, laini kama sufi, na kichaka kizima huonekana kama kimeangukiwa na theluji kabla ya wakati.

Teresken hupatikana tangu nyanda kavu za Hispania hadi Mongolia na China, lakini ni mahali pachache ambapo maisha ya watu yameegemea juu yake kama Pamir. Wakati wa baridi, nyasi zinapokuwa zimekwisha, vijiti vyake hubaki vimesimama juu ya theluji chache iliyopo, na kondoo, mbuzi na yaki huvitafuna. Hata kondoo wakubwa wa mwituni wenye pembe za kuzunguka, wanaoitwa kwa jina la msafiri Marco Polo, hukitegemea. Na kwa sababu mzizi wake ni mgumu na mkavu, huwaka upesi na kwa moto mkali. Katika nyumba nyingi za Murghab, moto huo ndio uliooka mkate, ukachemsha chai ya maziwa na chumvi, ukawapasha watoto joto, na ukayeyusha barafu ili yapatikane maji ya udhu wa alfajiri.

Makaa ya mawe yalipokoma

Warusi waliweka kituo cha kijeshi Murghab mwaka 1893, na tangu wakati huo idadi ya watu wanaokaa mahali pamoja mwaka mzima ilianza kukua. Kabla yake wafugaji walihama na mahema yao ya duara yaliyotengenezwa kwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, na moto wao mkuu ulikuwa wa samadi iliyokaushwa, ambayo wenyewe huiita tezek. Katika zama za Kisovieti wakawekwa vijijini, zikajengwa shule, zahanati na ofisi, na majengo hayo yote yalihitaji kupashwa joto. Serikali ikaleta makaa ya mawe na dizeli kwa malori kutoka upande wa Osh, kwa bei ambayo haikulingana hata kidogo na gharama ya safari. Teresken iliendelea kuchimbwa, lakini haikubeba mzigo wote.

Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ulivunjika. Tajikistan ikawa nchi huru, na kuanzia mwaka 1992 hadi 1997 ikapita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Malori ya makaa ya mawe yakakoma kuja. Mishahara ikapotea, mifugo ikachinjwa au kuuzwa ili watu wapate kula, na mifugo ilipopungua, samadi nayo ikapungua. Umeme uliokuwepo ulikuwa dhaifu, usiotosha kupikia wala kupasha nyumba joto. Palibakia kichaka kile kifupi. Watu wakachukua majembe na sururu, wakaenda uwandani.

Hapana mtu wa haki anayeweza kuwalaumu. Mzazi aliye na mtoto katika chumba chenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri hana nafasi ya kuhesabu miaka ambayo kijiti kimechukua kukua. Sheria yetu inaitambua hali hiyo, na inaiita dharura.

Tatizo la teresken ni namna inavyochukuliwa. Kuni nyingi zimo katika shingo ya mzizi, kwa hiyo mchimbaji hakati tawi: hung'oa mmea wote. Kichaka kilichoishi tangu kabla ya mchimbaji kuzaliwa huisha jikoni kwa dakika chache. Kwanza vikaisha vile vilivyo karibu na nyumba. Kisha punda wakaenda mbali zaidi, na baadaye wenye malori wakaingia katika biashara hiyo, wakapakia shehena kutoka mabonde ya mbali na kuwauzia watu wa mjini. Hapo ndipo dharura ilipoanza kugeuka kuwa mazoea.

Hasara yake ni ya mzunguko. Kichaka kinapong'olewa, changarawe na mchanga aliokuwa ameushika mzizi huanza kupeperuka. Mwanakondoo hukosa lishe ya majira ya baridi. Mfugo ukikosa lishe hupungua, samadi hupungua, na mwenye nyumba hulazimika kwenda kung'oa vichaka vingine ili kufidia samadi aliyoikosa. Mtu anayechoma mzizi wa teresken anachoma kwa wakati mmoja kuni za mwaka huu, malisho ya mwaka ujao, na tezek ya mwaka unaofuata.

Mwaka 2003 watafiti wa Ulaya waliandika juu ya hali hiyo kama dalili za ugonjwa wa nchi inayoelekea kuwa jangwa. Wengine waliofika baadaye na kupima uwanda kwa subira walipata picha iliyochanganyika zaidi. Kandokando ya vijiji na barabara uharibifu ulikuwa dhahiri, lakini katika mabonde mengi bado palikuwa na teresken, na pengine miche michanga ilikuwa inachomoza mahali palipochimbwa. Habari hiyo ya pili ni ya kushukuriwa, kwani inaonyesha kwamba kichaka hakijakata tamaa na mahali pake, na kwamba mtu akikipa nafasi kinaweza kurudi.

Namna kinavyopandwa

Kupanda teresken ni kazi inayowezekana, ila humtaka mpandaji aache mazoea ya bustani ya kawaida. Katika nyanda kavu za magharibi ya Marekani huota ndugu yake wa karibu sana, na huko kwa miaka mingi watu wamekuwa wakimpanda ili kurudisha malisho yaliyoharibika. Yale waliyojifunza yanakubaliana na tabia ya teresken yenyewe.

La kwanza ni mbegu. Uhai wake ni mfupi. Ikiwekwa ghalani katika hali ya kawaida hupoteza nguvu ndani ya miaka michache, na kadiri inavyokaa ndivyo mche wake unavyokuwa dhaifu. Ni bora kupanda mbegu ya msimu uleule, na ikilazimu kuihifadhi, ihifadhiwe mahali pakavu na penye baridi.

La pili ni ile sufi yake. Mkulima aliyezoea mbegu safi atataka kuisugua mpaka nyuzi zitoke, ili ipite vizuri mkononi. Asifanye hivyo. Nyuzi zile ndizo zinazoinasa mbegu kwenye punje za udongo upepo usiichukue, na ndizo zinazoshika unyevu kuizunguka. Mbegu iliyovuliwa sufi ni kama msafiri aliyevuliwa koti njiani.

La tatu ni kina. Mbegu hii haizikwi. Huwekwa juu ya ardhi iliyokwaruzwa kidogo, ikafunikwa kwa udongo usiozidi nusu sentimita, au isifunikwe kabisa. Ikipelekwa chini kama mahindi, nguvu yake haitoshi kuifikisha juu.

La nne ni wakati, na hapa ndipo baridi inapokuwa rafiki. Mbegu humwagwa mwishoni mwa vuli au katika majira ya baridi, ardhi ikiwa tayari imepoa, ili theluji iifunike. Theluji inapoanza kuyeyuka, mbegu ya teresken huota katika joto lililo juu kidogo tu ya sifuri, wakati mimea mingi mingine ingali imelala. Kwa njia hiyo mche huupata ule unyevu mchache wa mwaka kabla upepo wa kiangazi haujaukausha, nao hutumia majuma yale ya mwanzo kupeleka mzizi chini kwa haraka kuliko unavyokuza majani. Mwenye kusubiri siku za joto ndipo apande huwa amechelewa.

La tano ni udongo. Changarawe, mchanga, hata ardhi yenye chokaa au chumvi kidogo, vyote hukifaa. Kisichokifaa ni maji yaliyotuama. Mbolea nyingi na umwagiliaji wa kila siku si hisani kwa mmea huu.

Anayetaka kuanza na kitalu atumie vyombo virefu na vyembamba, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka moja kwa moja na haupendi kukunjwa. Miche ihamishwe mapema katika majira ya kuchipua, ardhi ingali na unyevu wa theluji. Na popote itakapopandwa, mifugo izuiwe isiifikie kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, mpaka mzizi ushike. Baada ya hapo malisho ya wastani hayakidhuru, kwa sababu kichaka kilichokatwa au kuliwa juu huchipua tena kutoka shinani. Kilichong'olewa mzizi hakina cha kuchipua.

Hata yote hayo yakifuatwa, upo mwaka ambao theluji haianguki na mbegu zote hupotea. Wapandaji wa nchi kavu hulijua hilo, nao humwaga mbegu miaka kadhaa mfululizo wakiungojea mwaka mmoja mwema. Wasing'oe pia vichaka vikongwe vilivyobaki: hivyo hukinga upepo, hukusanya theluji upande wa nyuma yake, na hutoa mbegu kila vuli bila malipo. Upandaji ulio nafuu kuliko wote ni kukiacha kichaka kizee kilipo.

Dharura na kipimo chake

Waislamu hatukuanza kuyafikiri mambo haya leo. Mtume (s.a.w.) alitenga eneo la Naqi', karibu na Madina, liwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) akatenga Rabadha, na alipomweka msimamizi alimwagiza awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache kuingia, na awe mwangalifu na mifugo ya matajiri. Sababu aliyoitoa ni kwamba tajiri akipoteza mifugo yake ana mashamba ya kurudia, ilhali maskini akipoteza yake atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa.

Busara hiyo inaingia Pamir bila kubadilishwa neno. Kumkataza kila mtu asiguse teresken, bila kumpa moto mwingine, ni kumhukumu maskini afe kwa baridi. Kuruhusu kila mtu achukue apendavyo ni kumwachia mwenye lori achukue fungu la mwenye punda. Wanazuoni wamefundisha kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: inapokwisha, ruhusa yake nayo hukoma. Hivyo kazi ya jamii ni kuifupisha dharura ya jirani, ili haja ya kushika sururu impungukie.

Njia zipo, na nyingine zimekwisha kuanza. Nyumba iliyozibwa nyufa, ikawekwa tabaka la kuzuia baridi ukutani na darini, huhitaji kuni chache kuliko nyumba inayovuja joto. Jiko lililotengenezwa vizuri hupika chakula kilekile kwa vijiti vichache. Murghab ina anga safi siku nyingi za mwaka, na jua la mwinuko ule ni kali, hivyo sahani za kukusanya miale yake huweza kuchemsha birika bila moshi. Umeme wa maji na wa jua ukiimarishwa, mzigo wa kichaka utapungua zaidi. Na mabonde yaliyochoka yanaweza kufungwa kwa zamu, kwa makubaliano ya wazee na wafugaji wenyewe, yakamwagiwa mbegu kila vuli na kuachwa yapumzike. Wafugaji waliozoea kuhama kutoka malisho ya kiangazi kwenda ya baridi hawahitaji kufundishwa maana ya kuacha bonde lipumzike.

Sisi tunaopikia mkaa tunayo sababu ya kuwasikiliza watu wa Pamir, kwani sisi pia tunanunua kwa gunia kitu kilichochukua miaka mingi kukua. Tofauti ni kwamba kwetu mvua hutusitiri: mti ukikatwa, majani huota upesi mahali pake na jicho husahau. Pamir haina sitara hiyo. Mahali palipong'olewa teresken hubaki wazi, na mtoto anayekwenda kuchunga kondoo huona kila siku ni umbali gani babu yake hakulazimika kwenda.

Msafiri anayeondoka Murghab kuelekea kaskazini hupita njia ya mlimani ya Ak-Baital, mita 4,655, kisha hushuka kwenye ziwa la chumvi la Karakul. Kandokando ya barabara, pale ambapo malori hayajazoea kusimama, vile vichaka vya kijivu bado vipo. Akipita mwishoni mwa vuli atavikuta vimevaa sufi nyeupe, mbegu zikingojea upepo na theluji. Mafundisho ya Mtume wetu yanatuambia kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala katika mmea huo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Katika uwanda ule wanaokula ni wengi, na msimu wa kumwaga mbegu ni mfupi. Mwenyezi Mungu awasahilishie ndugu zetu wa Pamir kazi hiyo, na atujaalie nasi tuwe watunzaji wa amana aliyotupa. Amin.